Pumu ya Watoto, Kutoka Mtaa wa Kenya Hadi Vijiji vya Haut-Katanga
Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa ya mapafu, ambayo huwa na uvimbe hata siku mtoto anapocheza vizuri, kisha hubana ghafla inapokutana na vumbi, moshi au mafua. Katika Kenya, mtaa wenye msongamano mkubwa jijini Lubumbashi nchini Kongo, vichocheo hivyo havikosekani, kwa kuwa vumbi la kiangazi huchanganyika na moshi wa makala, yaani mkaa wa miti ya miombo, unaowaka kwenye mbabula mlangoni. Vijijini, upande wa Kasenga, hupikwa kwa kuni, zenye moshi mzito zaidi. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika nchi ya Kenya ulionyesha kuwa baada ya mazoezi mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa shule wa Nairobi, na asilimia 13.2 ya wale wa vijijini Murang'a.

Haifai kudhani kwamba kijiji kimesalimika, kwa maana tofauti iliyo nzito zaidi imo katika matibabu, na huanzia kwenye utambuzi. Muuguzi wa kijijini hufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, unaomtaka ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: zikifika 40 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, huhesabiwa kuwa za haraka, na mtoto hupewa amoksisilini ya nimonia. Mwongozo huo umeokoa maisha mengi. Lakini mtoto wa pumu naye hupumua haraka, na ingawa mwongozo umeagiza dawa ya kupanua mirija ijaribiwe kwanza kifua kinapotoa mlio kama filimbi, dawa hiyo isipokuwepo hubaki antibiotiki peke yake, na kifua kikibana tena hutolewa ile ile.

Lubumbashi ina hospitali ya Jason Sendwe na madaktari wa watoto, ila dawa hutoka mfukoni mwa mzazi, na mwenye fedha kidogo hununua salbutamoli, inayofungua mirija kwa saa chache, akaiacha beklometasoni, inayotuliza uvimbe wenyewe na inayopaswa kuvutwa kila siku. Hapo mtoto wa mtaa wa Kenya na wa Kasenga hukosa dawa ile ile.

Dawa hizo huvutwa kwa inhela, kichupa cha dawa ya kupuliza, ambayo humfaa mtoto mdogo ikiunganishwa na chombo cha kukusanya dawa kabla haijavutwa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walithibitisha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa waya wa moto na kuzibwa kwa gundi kuizunguka inhela, hufanya kazi kama chombo cha kiwandani. Chupa hizo zimejaa hata vijijini. Kinachokosekana ni inhela, na muuguzi aliyefundishwa kumwonyesha mama namna ya kuitumia.