Ugonjwa wa Behçet: Damu inapoganda kwa kosa la mshipa

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kigimbi kikauma, daktari hushuku kuwa damu imeganda ndani ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Dawa anayoifikiria kwanza ni ya kuzuia damu kuganda, kama vile heparini au warfarini, na kwa wagonjwa wengi ndiyo inayowaokoa. Lakini kuna ugonjwa ambao dawa hiyo ikitolewa peke yake huacha chanzo cha tatizo kikiendelea, na mara nyingine humweka mgonjwa kwenye hatari ya kuvuja damu mapafuni. Ni ugonjwa wa Behçet.

Jina hilo ni la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, Uturuki. Mwaka 1937 alieleza wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: vidonda vya kinywani vinavyopona na kurudi, vidonda vya sehemu za siri, na macho mekundu yenye maumivu yanayoweza kuishia kwenye upofu. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi za iliyokuwa Njia ya Hariri, kuanzia Uturuki na Iran hadi Japani, na Uturuki ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi kwa idadi ya watu wake. Hauambukizi. Wengi wanaoupata wamerithi jeni iitwayo HLA-B51, ingawa wapo wengi pia wenye jeni hiyo ambao hawaugui kamwe.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili huishambulia mishipa ya damu, mikubwa kwa midogo, na kuleta mchochota, yaani joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Vena huathirika zaidi kuliko ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 807, zaidi ya theluthi moja walikuwa wamepata bonge la damu kwenye vena.

Kwa nini damu inaganda

Tangu karne ya 19, enzi za Mjerumani Rudolf Virchow, tiba inatambua mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa: ukuta wa mshipa kujeruhiwa, damu kutembea polepole, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Katika Behçet, jambo la kwanza ndilo linalobeba uzito.

Wahusika wakuu ni nyutrofili, seli nyeupe ambazo kazi yake ni kuua bakteria. Kwa mgonjwa wa Behçet seli hizi huchokozeka upesi mno. Madaktari hulishuhudia hilo kwenye ngozi: huwachoma wagonjwa sindano mkononi, na baada ya saa 48 baadhi yao huota kipele chekundu, wakati mwingine chenye usaha, pale ilipopita ncha ya sindano.

Ndani ya mshipa, nyutrofili hizo hutoa kemikali kali zenye oksijeni. Mwaka 2016, watafiti wa Florence, Italia, walionyesha kuwa kemikali hizo huharibu fibrinojeni, protini inayotengeneza nyuzi za bonge la damu. Nyuzi zinazotokana na protini hiyo iliyoharibika huwa ngumu kuyeyushwa na mwili. Bonge basi hung'ang'ania ukuta wa mshipa kama ukoko chini ya sufuria, na ni nadra kung'oka na kusafiri hadi mapafuni.

Nani yuko hatarini zaidi

Wanaume vijana ndio wanaoongoza, na mara nyingi bonge la kwanza hutokea katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Aliyewahi kupata bonge, au ambaye vena zake za chini ya ngozi zimewahi kuvimba na kuwa ngumu kama kamba, yumo kwenye kundi la hatari. Hali kadhalika yule ambaye ugonjwa wake haujatulizwa.

Mengine yanayomhatarisha mtu yeyote, kama kulazwa muda mrefu, upasuaji, ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, huongeza mzigo. Wapo pia waliorithi damu inayoganda kirahisi. Lakini hayo hayatoshi kueleza kwa nini mabonge ni mengi hivi katika Behçet.

Tiba hulenga mchochota

Kwa kuwa chanzo kikuu cha mabonge ni mchochota wa mshipa, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 unaweka mbele steroidi na dawa za kupunguza ukali wa kinga, kama azathioprini. Utafiti ule wa Ufaransa ulionyesha kuwa waliotumia dawa za kupunguza ukali wa kinga walipata marudio machache zaidi ya mabonge. Dawa ya kuzuia kuganda inaweza kuongezwa, kwa sharti kwamba hatari ya kuvuja damu ni ndogo na ateri za mapafu zimepimwa.

Sharti hilo lina uzito wake. Behçet inaweza kudhoofisha ateri za mapafu hadi zikatuna na kupasuka. Mgonjwa mwenye bonge mguuni akianza kukohoa damu, ni rahisi kudhani kuwa bonge limehamia mapafuni na kumwongezea warfarini, kumbe ateri yenyewe inavuja. Kwetu Afrika Mashariki, kukohoa damu hufikirisha kifua kikuu kwanza, na ni sawa kukipima, kwa sababu dawa za kupunguza kinga zinaweza kukiamsha. Ila majibu yakionyesha hakipo, uchunguzi usiishie hapo. Kipimo cha CT cha mishipa ya mapafu ndicho kitakachoonyesha ateri iliyotuna.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mguu ukivimba, mweleze daktari pia kuhusu vidonda vya kinywani vinavyorudi, macho yanayouma, na hata vile vidonda vya sehemu za siri ambavyo watu huona aibu kuvitaja. Habari hizo, zikisemwa mapema, zinaweza kubadilisha dawa utakayopewa. Na ukishaanza tiba usiiache kwa sababu tu mguu umepungua, maana mchochota ukirejea, bonge jingine huweza kufuata.