Mchoraji wa Lubumbashi na Ushahidi Usiofutika

Wako watu wanaodhani kwamba picha ni pambo la ukutani tu. Uchunguzi wa wataalamu juu ya maisha na kazi za Tshibumba Kanda Matulu umeonyesha kwamba picha yaweza pia kuwa ushahidi. Jambo hilo lamhusu sana askari na polisi, ambao kazi yao haiwezekani bila mashahidi.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akiuza picha zake apate riziki. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Tshibumba alitaka kuchora historia nzima ya nchi yake, na hadi mwaka 1974 alikuwa amekamilisha picha zipatazo 100.

Kila alipoleta picha, wawili hao waliketi wakazungumza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho mwenyeji wa Buyenzi angekielewa bila taabu kubwa. Mazungumzo yalinaswa katika kanda. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, Fabian aliyaweka maelezo ya mchoraji mahali pake, na maoni yake mwenyewe mahali pengine. Hivyo ndivyo apasavyo kufanya kila aandikaye maelezo ya shahidi.

Picha moja yahusu tarehe 17 Januari 1961, siku walipouawa Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mambo hayo hayakuwa mbali nasi: tarehe 1 Januari mwaka huohuo, askari wa Mobutu walipitia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya sasa, kwenda kuivamia Bukavu iliyoshikwa na wafuasi wa Lumumba, wakashindwa. Tshibumba aliwachora marehemu watatu wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu.

Yeye hakuwapo mauaji yalipotendeka. Alikuwa mtoto tu. Picha yake, basi, haithibitishi nani alifyatua risasi. Yathibitisha jinsi wananchi walivyolipokea tendo lile na walivyowakumbuka waliouawa.

Waliotenda walitaka pasibaki kumbukumbu yoyote. Gerard Soete, afisa wa polisi Mbelgiji, alishiriki kuzifukua maiti, kuzikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali. Hata hivyo, mwaka 1999 mtafiti Ludo De Witte alitoa kitabu juu ya mauaji hayo. Bunge la Ubelgiji likafanya uchunguzi, na mwaka 2001 likakiri kwamba nchi hiyo ilikuwa na dhima ya kimaadili. Jino la Lumumba, ambalo Soete alikuwa amelichukua, lilirudishwa kwa jamaa zake mwezi Juni 2022.

Tshibumba mwenyewe hajulikani alikoishia. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Lakini picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa mjini Amsterdam, na sauti yake haikupotea.

Ndugu askari, tindikali iliyeyusha mifupa, wala haikuyeyusha habari. Anayevaa sare na atende kazi yake akijua kwamba kila tendo lina shahidi wake, hata kama shahidi huyo hana silaha ila brashi na kipande cha gunia.