Mnara ukizimika Oraba, ujumbe wa simu hupitia wapi?

Oraba ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini, na katika wilaya hiyohiyo ipo Salia Musala, mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, hivyo kumpigia shangazi kumjulia hali kunaweza kuwa simu ya kimataifa. Mwaka 2016, vita viliporejea Sudan Kusini, wakimbizi wengi walivuka hapa, na Agosti mwaka huo kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa wilayani Yumbe. Kwa aliyepotezana na jamaa zake njiani, simu ndiyo njia ya haraka ya kujua walipo.

Lakini simu inapopigwa kwa njia ya kawaida haizungumzi na nyingine moja kwa moja, hata zikiwa juu ya meza moja. Kila neno hupitia kwanza mnarani, na mnara unahitaji umeme. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea kituo kidogo cha Nyagak, karibu na Paidha, chenye megawati 3.5, pamoja na jenereta za dizeli. Mnara ukizimika, simu zote za sokoni hubaki kuwa saa na tochi.

Wataalamu wamebuni mitandao isiyohitaji mnara. Humo vifaa hupokezana ujumbe vyenyewe, kila kimoja kikiwa mtumaji, mpokeaji na tarishi wa wengine. Kazi ngumu ni kujua njia. Barabara ya lami inayotoka Koboko kwenda Oraba haihami, ila simu iliyo mfukoni mwa abiria wa bodaboda huhama kila sekunde, na njia iliyopitia kwake hukatika anapoondoka. Kanuni zinazoviwezesha vifaa kutafuta njia, kuwaarifu majirani na kuisahau inapokatika huitwa itifaki za uelekezaji.

Mitindo mikuu ni miwili. Katika OLSR, iliyochapishwa mwaka 2003, kila kifaa hutunza ramani ya mtandao muda wote kwa kusalimiana na majirani bila kukoma. Ujumbe huondoka mara moja, lakini salamu hizo hula betri hata pasipo na mtu anayetuma chochote. AODV, nayo ya mwaka 2003, hunyamaza mpaka njia ihitajike. Hapo kifaa huuliza majirani, nao huuliza wao, na jibu hurudi kwa njia ileile. Betri huokoka, ujumbe wa kwanza huchelewa. Mahali ambapo watu hulipia kuchaji simu kibandani, tofauti hiyo si ndogo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni habari iliyopitwa na wakati. Tuseme simu ya muuza mihogo inaamini kwamba simu ya fundi cherehani inajua njia ya kufika kituo cha afya, na ya fundi inaamini kwamba ya muuza mihogo ndiyo inayojua, ilhali njia yenyewe imekatika. Ujumbe wa kuomba gari la wagonjwa utarushwa baina ya simu hizo mbili mpaka upotee, na mgonjwa anasubiri. Mwaka 1994, Charles Perkins na Pravin Bhagwat walipendekeza dawa nyepesi ajabu: habari ya njia ibebe namba inayotoka kwa kifaa kinachotafutwa chenyewe. Penye namba kubwa pana habari mpya. Ya zamani haiaminiwi tena. AODV, ambayo Perkins alishiriki kuiandika, ilirithi namba hizo.

Pengine hakuna njia kabisa kwa wakati huo. Zipo itifaki zinazokihimiza kifaa kuutunza ujumbe, kuubeba na kuukabidhi kinapokutana na kingine, mathali ndani ya lori litokalo Arua. Hiyo ni posta ya kale katika vazi jipya. Haifai kwa mazungumzo, ila yatosha kwa maneno kama "tumefika salama".

Kwa Oraba, simu za mfukoni peke yake hazitatosha. Programu ya Bitchat, iliyotolewa Julai 2025, hupitisha ujumbe kwa Bluetooth kwa miruko isiyozidi saba. Kila mruko ukiwa wa makumi ya mita, ujumbe hautafika mji wa Koboko. Redio za Wi-Fi zilizofungwa juu ya mapaa na kulishwa na jua zina matumaini zaidi. Mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ulitumia njia ya namna hiyo kuanzia mwaka 2007 katika kambi za waliohamishwa na vita vya kaskazini, na redio zikielekezwa vyema huvuka kilomita kadhaa. Hata hivyo, lazima moja kati yake iwe na mlango wa kutokea, uwe setilaiti au mnara wa mbali ambao bado una umeme. Mlango huo usipokuwepo, Oraba itazungumza na Oraba tu.