Lori Likizuiwa Mombasa, Gachoka Inaumia Vipi?

Mteja wetu wa Gachoka, ukisikia neno uchumi labda unafikiria wakubwa wa Nairobi na suti zao. Sisi tunauona uchumi hapo shambani kwako, kwenye muguka.

Kumbuka Mei 2024. Tarehe 23, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake. Kilifi ikafuata. Mashamba ya Mbeere yalikuwa yaleyale, wachumaji walewale. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi mkubwa alifungiwa mlango.

Jasho lako haliamui bei. Bei inaamuliwa na wingi wa mali iliyo sokoni, na watu wangapi wana pesa na hamu ya kuinunua. Mali ikijaa na wanunuzi wakipungua, bei inashuka hata kama ulitumia pesa nyingi kupalilia. Na muguka hausubiri mtu. Ndengu unaweza kuzikausha, ukazifunga kwa gunia, ukangoja. Jani la muguka likinyauka, nani atalinunua? Ndiyo maana broka akija, mwenye muguka hana nguvu ya kubishana naye kama mwenye ndengu. (Ndengu nazo huteremka bei tukivuna wote wiki moja, hilo mnalijua.)

Halafu shilingi ya muguka haikai kwa mkulima. Inamlipa mchumaji, mchumaji ananunua unga dukani, mwenye duka analipa karo na bodaboda. Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine. Nchi nzima inaenda hivyohivyo, ila kwa namba kubwa. Kwa hivyo lori likirudishwa Pwani, hata fundi wa nguo ambaye hana mti mmoja wa muguka anakosa wateja.

Viongozi wa Pwani walitaja afya ya vijana, na hoja hiyo si ndogo. Lakini Rais Ruto alisema marufuku haina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha kwa muda. Majirani wa Meru wanajua hadithi hii: Uingereza ilifungia miraa 2014, Somalia ikaifungia Machi 2020 na kuifungua tena Julai 2022.

Sasa, chukua simu. Omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu, uhesabu pesa zako zimetoka kwa watu wangapi. Kama karibu zote zinatoka kwa namba moja, wewe pia una Mombasa yako. Wiki ikiwa nzuri, weka kitu kwa akiba kabla ya matumizi. Mkopo wa simu nao uchukue kwa makini, kwa sababu siku ya kulipa haisogei eti lori limezuiwa. Taarifa hiyo iko kwenye menyu, utaweka PIN yako tu, na PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.