Je, Wajua? Mwana Hiti, Binti wa Mti

Je, wajua kwamba Wazaramo, Wakwere na Wadoe, wenyeji wa Bagamoyo na maeneo ya jirani, wana mtoto wa kuchonga? Anaitwa mwana hiti. Hana mikono, hana miguu, na mara nyingi hafiki hata sentimita 20!

Mtazame vizuri. Kichwani kishungi cha nywele kimegawanyika pande 2, kifuani vititi 2, tumboni kitovu. Basi! Hapo tu umeshajua ni mwanamke.

Usidhani ni wa kuchezea. Msichana akishavunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akakabidhiwa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amchane. Na zamani mwali aliweza kukaa ndani mwaka mzima, hata zaidi!

Ukimpata mwana hiti wa zamani, mshike. Mti umelainika na kung'aa kwa mafuta na viganja vya mabinti, maana alirithishwa kizazi hadi kizazi. Na palipokosekana wa mti? Kibuyu kidogo au gunzi la muhindi lilitosha!

Je, wajua kwamba umbo hilohilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa, viti vya enzi, zeze na hata nguzo za makaburi? Mwanamke yuko kila mahali! Ushangae nini, na Wazaramo ukoo wao hufuata upande wa mama?

Sasa njoo Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, penye msikiti wa karne ya 13. Kati ya makaburi yake ya mawe, linalovuta wenye haja ni la mwanamke: Sharifa. Watu huomba dua hapo na kuacha sadaka.

Hayo ya kwetu, lakini visanamu vya wanawake viko na kwingine. Je, wajua kwamba huko Hispania, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kabla Warumi hawajaitwaa, watu walipeleka visanamu vya shaba nyeusi mahali pa ibada? Penye majabali ya Despeñaperros vimeokotwa maelfu, na vingi ni vya wanawake. Wengine wamenyoosha mikono wakiomba!

Na pwani yetu je, ina shaba nyeusi? Inayo! Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kisanamu cha simba wa karne ya 11, mwenye urefu wa sentimita 6 hivi. Anaenea kiganjani!

Haya, usiishie kusoma. Kama bibi yako ni wa Bagamoyo, Kisarawe au Mzizima (Dar es Salaam ya leo), muulize leo: alimlea mwana hiti? Kaa kitako, umsikilize.