Mawe ya Angani na Macho ya Watu wa Vilimani

Kimondo ni mwanga unaoonekana pale kipande cha jiwe au chuma kinapoingia katika hewa ya dunia kwa mwendo unaozidi kilomita 11 kwa sekunde, kikaibana hewa iliyo mbele yake hata ikapata joto la kuyeyusha mwamba. Na kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku jina hilohilo hupewa pia kipande kinachofika ardhini, hapa kipande hicho kitaitwa jiwe la kimondo. Vimondo vingi hutokana na chembe zisizozidi punje ya mchanga, ambazo huteketea juu sana bila kishindo. Watu husema nyota imeanguka, lakini kila nyota ni jua la mbali, na hakuna iliyowahi kuanguka duniani.

Usiku wa Muheto na wa vilima vingine vya Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ambako vijiji vingi havina umeme, una giza ambalo wakazi wa miji mikubwa wamelipoteza, nalo ndilo hitaji la kwanza la anayetaka kuona vimondo. Kama mawingu yataruhusu, usiku wa tarehe 13 na 14 Desemba ndio bora zaidi, kwani kila mwaka wakati huo dunia hupita katika vumbi lililoachwa na Phaethon, ambayo ni asteroidi, yaani mojawapo ya miamba inayolizunguka jua kama sayari zinavyolizunguka, ila ni midogo mno kuitwa sayari.

Mojawapo ya matukio yaliyochunguzwa kwa makini katika ukanda huu lilitokea zaidi ya kilomita 600 kutoka Masisi, mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Tarehe 14 Agosti 1992, saa 9 na dakika 40 alasiri, jiwe linalokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya kilo 400 na 1,000 liliingia likitokea kusini, likaanza kupasuka likiwa juu ya kilomita 25, likasambaratika kabisa kati ya kilomita 14 na 10, na vipande vyake vikamwagika katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Kikubwa kati ya vilivyopimwa kilikuwa na kilo 27.4. Kidogo kimoja, cha gramu 3.6, kilipunguzwa kasi na jani la mgomba kabla ya kumgonga mtoto wa kiume kichwani, naye hakuumia. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba njia ya jiwe hilo ilikokotolewa kwa kutegemea maelezo ya walioona na kusikia, pamoja na mahali vipande vilipoangukia. Na hadi Oktoba 1993 vipande 863 vilikuwa vimeorodheshwa. Wakulima na watoto wa Mbale walifanya kazi ambayo hakuna darubini ingeweza kuifanya kwa niaba yao.

Katika Masisi elimu hii si anasa, kwa kuwa miaka mingi ya vita imewazoesha watu milio ya silaha, na mshindo wa jiwe linalopasuka angani, kama lile la Mbale, ungeweza kuwakimbiza makwao bure. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo jiwe linalopasuka juu ya kilomita 25 huonekana kwanza, na mshindo wake hufika baada ya dakika moja au zaidi, muda ambao bomu lililolipuka kilima cha pili haliwezi kuuchukua. Kulitambua jiwe lenyewe ni kazi ngumu zaidi. Jiwe la kimondo lililoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi, kama lililopitishwa motoni, na ni zito kuliko mawe ya kawaida ya ukubwa wake, wala halina matundu yanayoonekana kwa wingi katika mawe ya volkano za Virunga. Ila sumaku peke yake, ingawa huvuta mawe mengi ya vimondo, haitoshi kuamua, kwani hata mawe mengi ya volkano huvutwa nayo kidogo. Jiwe kama hilo liokotwe mapema, kwa maana mvua za ukanda huu huliharibu upesi; lisioshwe wala kuvunjwa, na mahali lilipookotwa, siku na saa viandikwe mara moja.

Kongo yenyewe ina kovu la pigo kubwa la kale: Luizi, kule Katanga, shimo lenye upana wa kilomita 17, ambalo mwaka 2011 lilithibitishwa kuwa lilichimbwa na mwamba kutoka angani. Mapigo ya namna hiyo ni nadra mno. Hata asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita chini ya kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia siku ya Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, karibu zaidi kuliko setilaiti nyingi zinazorusha matangazo ya televisheni, na wanaastronomia wamekwisha kukokotoa kwamba haitaigonga dunia kwa angalau miaka 100 ijayo. Itaonekana kutoka Afrika bila darubini, kama nyota ya wastani inayotembea taratibu kuelekea magharibi kabla ya usiku wa manane. Aprili ni mwezi wa mvua katika Kivu Kaskazini, hivyo watakaoiona kutoka Muheto ni wale watakaokubali kukaa nje wakingoja mawingu yapasuke.