Mlima Elgon Ulikuwa na Barafu

Mtu akaaye Kitale au Bungoma huuona Mlima Elgon kila asubuhi isiyo na mawingu. Wabukusu huuita Masaba. Pengine, baada ya mvua ya mawe kunyesha usiku, kilele chake huonekana cheupe, lakini weupe huo haudumu. Jua likipanda, wote umekwisha. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mlima huo haukupata kuwa na barafu ya kudumu kama Mlima Kenya au Kilimanjaro. Dhana hiyo si sahihi. Barafu ilikuwako, na alama zake zaonekana hata leo.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na juu yake pana shimo kubwa mfano wa bakuli. Karibu na vilele vinavyolizunguka kuna mabonde yenye umbo la hori la kulishia ng'ombe: chini ni mapana, na kando zake zimesimama. Mto wa mlimani hauchimbi bonde la namna hiyo. Huchimba bonde jembamba, lenye kina. Yako pia matuta ya mawe na udongo yaliyosukumwa na barafu ilipokuwa ikiteremka polepole, na viziwa vidogo ilivyoviacha nyuma. Wataalamu wa miamba walizichunguza alama hizo, wakaona kwamba barafu ya Elgon ilikwisha zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, dunia ilipotoka katika zama za baridi kali.

Mbona barafu ilibaki kwenye milima mingine? Sababu ni urefu wake. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo baridi izidivyo. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Elgon una urefu wa mita 4,321. Ruwenzori una mita 5,109, Mlima Kenya mita 5,199, na Kilimanjaro mita 5,895. Hewa ilipopata joto, Elgon ulikuwa mfupi mno kuweza kuihifadhi barafu yake.

Sasa ile milima mitatu mirefu nayo inaifuata njia hiyo. Bwana Mackinder, aliyekifikia kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, aliukuta mlima huo ukiwa na barafu nyingi, na hesabu ya mapande yake katika miaka ile ilikuwa 18. Mengi kati ya hayo yametoweka kabisa. Pande lililopimwa zaidi kuliko mengine, liitwalo Lewis, lilipoteza kama sehemu 9 katika kila 10 za ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010. Kilimanjaro ulikuwa na barafu ya eneo la kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912; mwaka 2007 hazikusalia hata 2. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatazamiwa kwisha kabla ya mwaka 2050.

Jambo hili litafahamika vyema kwa mfano wa ghala la mahindi. Theluji mpya inayoanguka ndiyo mavuno. Barafu inayoyeyuka ndiyo chakula kinachotolewa kupikwa. Vikilingana, ghala halipungui. Katika nchi za Ulaya kuna miezi ya baridi ambayo barafu haiyeyuki, kwa hiyo ghala hupumzika. Karibu na Ikweta hakuna miezi ya namna hiyo. Jua hula kutoka ghalani kila siku ya mwaka. Tena theluji mpya, kwa weupe wake, hulirudisha jua angani. Isipoanguka, barafu ya zamani iliyochafuka kwa vumbi hupokea joto lote.

Wataalamu wameeleza sababu mbili za upungufu huo. Ya kwanza ni ukavu. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilizidi kuwa kavu, na theluji ikapungua, hasa juu ya Kilimanjaro. Ya pili ni joto. Moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta unaotoka viwandani na katika magari umeongeza angani hewa ya kaboni, ambayo huzuia joto lisitoke, kama blanketi. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa digrii 1.1 hivi kuliko ilivyokuwa miaka ya 1850 hadi 1900.

Je, barafu ikiisha, mito ya Kitale na Bungoma itakauka? La. Mto Kuywa, unaopita Bungoma kwenda kuungana na Nzoia, hautegemei barafu yoyote. Wala Mto Suam, utokao ndani ya lile bakuli la Elgon ukaenda kuwa Turkwel. Maji yake ni ya mvua iliyopokewa na msitu. Majani huivunja nguvu ya mvua, na udongo wenye mizizi huyanywa maji, kisha huyatoa kidogo kidogo hata miezi ya kiangazi.

Lakini joto lile linaloyeyusha barafu huathiri mvua pia. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua ikija huweza kunyesha kwa kishindo. Ikiangukia mteremko usio na miti, huchukua udongo wa shamba mpaka mtoni, kisha mto hujaa kwa siku chache na kupungua upesi.

Kwa hiyo ghala la maji la Elgon ni msitu, na hilo lingali mikononi mwa watu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wakazi wa kandokando ya misitu nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika kuitunza. Mwenye shamba mteremkoni naye ana kazi yake: achimbe matuta ya kuzuia maji, asilime mpaka ukingoni mwa mto, na akikata mti apande mwingine. Barafu ya Masaba iliondoka bila mtu yeyote kuweza kuizuia. Msitu waweza kuzuiliwa usiondoke.